Geti la Njia ya Mawe

*Ndani ya jalada:*

Palipo na wino mweusi palikuwa na jina la mtu. Nimelifuta mwenyewe tarehe 6 Januari, kurasa zote, kwa kalamu ya bosi. Jina la marehemu huku halitajwi wala halisomwi. Atakayekiokota kitabu hiki asiinue karatasi kwenye jua kulitafuta.

Oktoba 14

Dukani kulikuwa na daftari moja tu, nimelinunua. Shule ya misheni niliiacha darasa la nne, lakini kuandika naandika. Nataka nione msimu huu wa joto unavyokwisha, maana wa mwaka jana niliona kama hautakwisha. Mkataba wangu unaisha Machi. Machi napanda treni kurudi pwani kwetu, kaskazini, nikale samaki mpaka niugue.

Kazi ni ileile, kutengeneza njia ya watalii kuzunguka Mawe, miamba mikubwa katikati ya jangwa. Wazungu wameyapa jina la gavana fulani. Wenyewe wana jina lao, na si langu kuliandika. Tuko watatu chini ya bosi Kessell: mimi, Hedley, na █████ ambaye nchi hii ni ya baba yake na babu yake. Yeye ndiye husema nguzo ichimbiwe wapi na wapi tusikanyage. Mimi napiga sururu, na nina ufunguo wa geti la njia ya kupandia. Saa sita mchana nafunga kwa sababu ya joto. Nafunga pia wakati wowote █████ akisema kuna wingu, maana jiwe likilowa linateleza kama samaki.

Nimefunga geti.

Oktoba 15

Nzi. Nimefunga geti.

Oktoba 23

Nyuzi joto arobaini na moja. Mtalimbo ukiuacha juani huwezi kuushika. Nimefunga geti.

Novemba 3

Mtalii mmoja amenitemea mate. Alikuja saa saba, nikamwonyesha kibao. Akasema ametoka mbali. Nikamwambia hata mimi. Mate yalinipata shingoni.

Jioni tunakunywa chai ya kopo, █████ akaanza. Mimi huniita Chumvi, kwa ajili ya bahari ya kwetu.

"Wewe Chumvi, geti umefunga?"

"Nimefunga, shemeji."

"Umelitikisa?"

"Nilitikise kwani ni mtoto analia?"

"Geti lisilotikiswa halijafungwa. Nenda."

Nilikwenda, hatua mia nane kwenda na mia nane kurudi, miguu inawaka. Lilikuwa limefungwa. Niliporudi amelala chali anacheka. Hedley naye anacheka. Ananichosha mtu huyu. Kila siku umefunga, umetikisa, kama mama mkwe.

Novemba 4

Hilo la mama mkwe niandike vizuri. Nilipofika hapa miaka mitatu iliyopita, Hedley aliniuliza baba yangu ni nani, na baba yake baba, na mama alitoka wapi. Akahesabu kwenye vidole, akasema, "Basi wewe ngozi yako na yangu ni moja. Wewe ni kaka yangu." Ngozi huku si rangi, ni fungu la ukoo analozaliwa mtu. Tangu siku hiyo blanketi lake ni langu na deni lake ni langu. Mke wake Joycie ni shemeji yangu. █████ ni kaka yake Joycie, kwa hiyo naye shemeji. Na mama yao, bibi Dulcie, ni mkwe wa Hedley, na kwa ngozi ni mkwe wangu pia. Simtazami, hanitazami. Hatusemeshani hata neno. Akija njiani mimi naingia porini. Miaka mitatu, sura yake siijui. Namjua kwa mgongo na kwa kikohozi.

Nimefunga geti.

Novemba 19

Ngamia. Walishuka kumi na mmoja kwenye kisima cha mwambani kutafuta maji, wakakivuruga na kukinyea. Bosi alichukua bunduki. Aliwapiga mmoja mmoja, wengine wanasimama tu wanaangalia mwenzao anaanguka, hawakimbii. Jike moja lilipigwa taya. Lilizunguka kisima likimwaga damu na meno, likitoa sauti ambayo bado ninayo masikioni. Risasi zikaisha. Hedley alilimaliza kwa mtalimbo, mapigo manne kichwani. Tuliwaburuta kwa mnyororo na greda.

█████ hakusaidia. Alikaa kando ya maji, akaosha mikono, akawa anaongea na lile jiwe kwa lugha yake, pole pole, kama mtu anayemwomba radhi mwenye nyumba. Nikamwambia Hedley kwamba shemeji yako kazi haipendi.

Hedley akasema, "Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Yetu ni kuburuta."

Desemba 9

Mawingu magharibi, mvua haikuja. █████ alisema nifunge saa nne. Kundi la watalii likamvamia bosi wakidai pesa zao. Mmoja alinirushia jiwe kama mbwa, likanipata begani. Bosi akaniambia *mimi* niwaombe radhi. Niliwaomba.

Desemba 10

Bega limevimba. Nimefunga geti.

Desemba 25

Nyama ya ng'ombe ya kopo na keki. Bibi Dulcie aliingia dukani bila kujua kwamba mimi na Hedley tumo. Mlango mmoja. Tuliruka dirishani wote wawili, wanaume wazima, Hedley suruali ikanasa kwenye kitasa. Nje █████ alicheka mpaka akakaa chini.

"Wanaume hawa! Ngamia hawamwogopi, bibi wa kilo arobaini wanamkimbia!"

Siku nzuri. Nimeandika kwa sababu sina nyingi.

Januari 3

Nina jino moja pungufu. Leo alikuja jamaa mnene mwenye kamera mbili. Saa sita kamili. Nilikuwa nafunga mnyororo, akaniuliza jiwe ni la baba yangu? Nikasema hapana. "Basi toka." Nikasema hapana. Akanipiga ngumi ya mdomo. Niliona nyeusi. Nilitema jino mchangani, mke wake akapiga picha.

Nilifunga geti huku natoka damu, ajabu yangu hiyo.

Jioni nilimwambia █████ kwamba ngumi hii ni yake. Mimi nabeba ngumi za jiwe lisilo langu.

Akasema, "Ngumi moja. Baba yangu alifungwa mnyororo shingoni na Wazungu kwa ajili ya jiwe hili, akatembezwa mpaka reli."

"Mimi si baba yako."

"Hapana. Wewe mtu wa chumvi. Hii si nchi yako, ndiyo maana huna uchungu nayo. Mtu akianguka pale juu, mtalii au nani, wewe unauliza chai iko wapi. Sisi tunalia. Mgeni akifa nchini kwako ni wewe uliyemuua."

Sijui kwa nini nilimpiga. Nilimpiga kwa mpini wa koleo, mbavuni. Alinikamata shingo akanibamiza kwenye tangi la maji mara tatu, jicho likafunga. Nilimng'ata. Nilisikia ladha ya damu, nikawa sijui ni yangu au yake. Hedley alitutenganisha kwa ndoo ya maji machafu.

Nilimwambia, "Kesho funga mwenyewe."

Akasema, akihema, "Ufunguo uko kwako, Chumvi."

Januari 4

Joto. Upepo kutoka magharibi. Uso mzima unauma. Nimefunga geti.

Januari 5

Jana niliandika nimefunga geti. Niliandika saa tano, nimelala kivulini, kabla ya wakati, kwa mazoea. Sikufunga.

Nasema yote. Saa nne █████ alipita na ndoo, hakunitazama, akaonyesha magharibi kwa mdomo. Nililiona wingu, jeusi chini, limeinuka kama ukuta. Alikuwa ananiambia nifunge. Nikasema moyoni, jiwe ni lake, akalifunge. Nikalala. Ufunguo ulikuwa mfukoni, ulinichoma paja nilipogeuka, nikautoa nikauweka kwenye kiatu.

Saa saba radi ya kwanza. Nikasikia mwanamke anapiga kelele chini ya njia. Ni yule mke wa jamaa wa kamera. Mumewe yuko juu. Alikuta mnyororo unaning'inia, akapanda.

Nilipofika getini █████ alikuwa ameshapita. Viatu vyake viko pale, kimoja juu ya kingine. Yeye hupanda peku.

Mvua ilikuja kama mtu anayemwaga beseni. Miezi minane hatujaiona. Mawe yalibadilika rangi mbele ya macho yangu, yakawa meusi, maji yakaanza kushuka kwenye kila mfereji, meupe. Nilimwona █████ anamfikia yule mnene. Alikuwa amekaa kwenye mteremko, amekumbatia kamera, hawezi kwenda mbele wala nyuma. █████ akakaa nyuma yake, akamzungushia miguu kiunoni, wakaanza kushuka kwa makalio, taratibu, kama watoto. Aliendelea kumsemesha, nilimwona mdomo. Walishuka zaidi ya nusu. Nilianza kupumua.

Maji yaliwapata kutoka juu, mfereji uliokuwa mkavu ukajaa ghafla. █████ alimsukuma mnene pembeni kwa miguu yote miwili. Msukumo uleule ulimtupa yeye upande wa pili. Hakupiga kelele. Alipiga jiwe la kwanza kwa bega na la pili kwa kichwa. La tatu sikuangalia.

Tulimkuta chini kwenye kile kisima cha ngamia. Hedley aliingia majini akamtoa. Nyuma ya kichwa palikuwa laini. Nilimshika miguu, alama za meno yangu ziko mkononi mwake.

Mnene alikuwa na mchubuko wa goti. Aliuliza kama kuna simu.

Januari 6

Kilio. Wanawake wanajipiga mawe vichwani, damu inashuka hadi kifuani, hawaifuti. Bibi Dulcie nilimsikia tu. Jiwe kwenye mfupa lina sauti yake. Joycie amejichana paja kwa chupa. Nyumba ya marehemu imeachwa, mbwa wake amepigwa akafa. Hedley amekuja akaniambia, "Kaka, kitabu chako kina jina." Nimekaa kutwa nafuta. Sikujua kama nilikuwa nimeliandika mara nyingi hivi.

Januari 8

Polisi wametoka mjini. Wameandika ajali. Mnene na mkewe wameondoka nao, kiyoyozi kimewashwa.

Januari 9

Leo tumekaa chini, ukoo wote. Roley amekuja kutoka ranchi anakochunga ng'ombe. Ni kaka mkubwa wa marehemu, mrefu, hapendi maneno. Aliuliza swali moja.

"Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Mimi."

"Ulifunga?"

Wote wanaangalia mchanga. Bibi Dulcie amekaa mbali, mgongo kwetu, blanketi kichwani, damu imekauka.

Nikasema, "Nilifunga."

Roley akasema, "Mnyororo haukukatwa. Kufuli halikuvunjwa."

Kabla sijajibu Hedley akainuka. "Kaka yangu amesema alifunga. Mnamjua mdomo wake mchafu, lakini hajawahi kunidanganya. Nasimama juu ya neno lake."

Roley akamgeukia. "Unasimama?"

"Nasimama."

"Basi sikia, shemeji. Jumamosi mkuki unatafuta paja. Neno likiwa kweli, tutajua. Likiwa uongo, aje mwenyewe. Asipokuja, upo wewe."

Huku kosa la kifo hulipwa hivyo: mwenye kosa husimama achomwe mkuki pajani, kisha deni limekwisha. Hedley akacheka kidogo. "Langu lina nyama zaidi."

Nami sikufungua mdomo.

Januari 10

Nimetoroka. Bosi alinikuta nyuma ya karakana, nikamwambia kweli. Akasema, "Panda gari. Sitaki mtu achomwe mikuki kwenye hifadhi yangu, kesho magazeti yaandike." Sikumuuliza bosi, na Hedley je? Yeye naye hakuuliza. Kilomita mia mbili mpaka kituo cha reli. Treni ni Jumamosi asubuhi, kwa sababu ya mafuriko.

Kitu kinachoniudhi ni kwamba njia nzima nilikuwa nafikiria samaki.

Januari 11

Mvua. Nimelala kwenye benchi la kituo.

Januari 12

Dereva wa lori la barua amefika kutoka kule. Hanijui. Alikuwa anakula mkate na mkuu wa kituo, anapiga soga.

"Kesho kuna mkuki kule kwenye Mawe. Mwenye kosa amekimbia, mtu wa pwani. Atasimama ndugu yake."

"Ndugu wa damu?"

"Wa ngozi tu. Nilimpa sigara. Anasema kaka yake atarudi, amekwenda kununua daftari."

Nilikwenda nyuma ya choo nikajipiga kofi, moja, mbili, mpaka pengo la jino likatoka damu tena. Kisha nikamwomba lifti.

Januari 16, zahanati

Naandika kwa kulalia ubavu.

Lori lilikwama mtoni, maji kifuani. Dereva akasema tungoje siku mbili. Nilivuka nikishika uzio uliozama, waya ukanichana viganja. Kisha nikatembea tangu alfajiri, kilomita ishirini za tope jekundu, viatu vikabaki humo. Juu ya mti mmoja mkavu tai alikuwa anakula kenge angali hai, mkia bado unapiga. Nilipita chini yake.

Nilifika jua limepanda. Niliwaona kwenye uwanda, nusu duara, wanaume wamesimama na wanawake wamekaa. Hedley yuko katikati, suruali imekunjwa. Nikaita. Sauti haikutoka, nilikuwa sina mate. Roley alikuwa ameshavuta mkono.

Mkuki uliingia paja la kushoto, ncha ikatokea nyuma. Hedley hakuanguka. Alishika mti wa mkuki kwa mikono miwili kama mtu anayeshika nguzo tunayochimbia, akaniona.

Akasema, "Umelipata daftari?"

Hapo nikalia. Nililia nikitembea, nikapita katikati ya wanawake, nikasimama mbele ya Roley.

"Sikufunga," nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Niliona wingu. Alinionyesha wingu. Nilikuwa na hasira naye, nikalala, ufunguo nimeuweka kwenye kiatu. Kisha nikadanganya, kaka yangu akasimama juu ya uongo."

Roley alikuwa na macho mekundu kama yangu. Alinipiga kwanza kwa rungu, bega lile la Desemba, nikasikia mfupa ukilia. Nikapiga magoti. Akasema, "Simama. Yeye alisimama." Nikasimama. Akanipiga kichwani, damu ikanifunga jicho. "Simama." Nikasimama.

Akachukua mkuki wa pili. Alisogea mpaka hatua tatu, karibu kabisa, kwa sababu alikuwa anatetemeka na hakutaka kukosea akapiga mfupa au mshipa. Hilo nilikuja kulielewa baadaye. Nilidhani ni ukatili.

Maumivu siwezi kuyaandika. Ni baridi kwanza. Kisha ni kama mguu wote una jino bovu. Mkuki ulipochomolewa nilijisikia nikitoa sauti ya yule ngamia jike.

Roley alitupa mti, akanikumbatia shingoni, akanilaza chini, akalala juu ya kifua changu akilia. Wanaume wote wakaja. Mmoja mmoja wakanishika kichwa, wakalia nami, damu yangu ikawapaka. Wakaenda kwa Hedley, hivyo hivyo. Joycie alifunga mapaja yetu kwa gauni moja lililochanwa katikati.

Mgongo wa bibi Dulcie ulikuwa palepale, mbali. Haukugeuka. Lakini mabega yalikuwa yameacha kutikisika.

Januari 18

Vitanda viwili. Hedley paja la kushoto, mimi la kulia.

Anasema, "Tukiunganishwa tunapata mtu mmoja anayetembea."

"Na mmoja mlemavu kabisa."

"Huyo wewe."

Nilimuuliza, ulijua kwamba nadanganya?

"Nilijua wakati unasema. Unapodanganya unataja kitu kimoja tu. Ukisema kweli humalizi."

"Sasa kwa nini?"

"Nilihesabu vidole mwenyewe siku ile. Sasa niseme nilihesabu vibaya?"

Januari 24

Joycie ameleta mkia wa kangaruu uliochomwa majivuni. "Umetoka kwa mtu," alisema. Dirishani, nje, mbali, mgongo na blanketi. Kikohozi. Tukala chote, mimi na Hedley.

Februari 8

Natembea na fimbo. Bosi amelipeleka jina langu mjini kwamba kazi nimeacha. Roley amekwenda kuwaambia kwamba sijaacha. Sijui alisema nini, na ninavyomjua hakusema mengi, lakini ufunguo umerudishwa.

Februari 9

Nimefunga geti.

Machi 3

Mkataba umekwisha jana. Treni imepita asubuhi hii, kilomita mia mbili kutoka hapa, sikuisikia. Nimeuliza ukoo kama naweza kukaa mpaka jina la marehemu litakaporuhusiwa tena. Roley akasema huenda ni miaka. Nikasema sawa.

Saa sita kasoro robo kulikuwa na wingu dogo magharibi, la bure. Nilikwenda. Mtalii mmoja alinitukana mimi na mama yangu, akaondoka. Chini ya mulga, mti mfupi wa jangwani, hatua hamsini hivi, mgongo wa bibi Dulcie ulikuwa umekaa. Joycie ananiambia huja kila siku mchana tangu nilipopewa ufunguo. Hakai kuniangalia, hawezi. Anakaa kusikia.

Nilizungusha mnyororo, nikabana kufuli. Hakuinuka. Mimi nami nikasimama, naona blanketi, sijui nifanye nini zaidi.

Kisha nikakumbuka maneno ya marehemu. Nikalishika geti kwa mikono miwili nikalitikisa kwa nguvu, chuma kikalia mpaka ukutani kwa Mawe na kurudi.

Ndipo akainuka, akajikung'uta mchanga, akaenda zake.